Mshika Mengi Kisiwani

Wahenga walinena kwamba mshika mbili moja humponyoka. Methali hii nimeifundisha darasani mara nyingi, nikaitolea maana ya nje na maana ya ndani kama mtaala unavyotaka, na wanafunzi wangu wakaiandika madaftarini pasipo kuuliza lolote. Siku moja tu ndipo msichana wa kidato cha tatu aliponyoosha mkono akasema: "Mwalimu, na huku kwetu asiyeshika mbili atakula nini?" Darasa likaangua kicheko. Nami nilicheka nao, lakini swali lile halikuniondoka. Makala haya ni jaribio la kulijibu, ingawa mwulizaji amekwisha kuhitimu na sidhani kama bado analingoja jibu.

Huko kwetu ni mashariki ya kisiwa cha Pate, katika visiwa vya Lamu. Wasomi wa fasihi huijua Pate ya magofu, ile ambayo Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliililia katika Al-Inkishafi. Pate ninayoizungumzia hapa ni ile iliyo hai, yenye punda na pikipiki, visima vya maji ya chumvi na majabia ya kuvunia mvua. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu watu wapatao 22,000 katika Lamu Mashariki nzima, na hao wametawanyika katika visiwa kadhaa na katika ukanda wa bara unaofika Kiunga, karibu na mpaka wa Somalia. Ukiigawa idadi hiyo kijiji kwa kijiji utalielewa tatizo letu upesi. Kijijini mwetu mna kazi ya uashi, lakini haitoshi kumlisha mwashi mwaka mzima. Mna watoto wa kufundishwa, nyavu za kushonwa, maiti wa kuoshwa, mashine za boti za kutengenezwa, fomu za kujazwa. Kila kazi ipo, ila ipo robo. Mtu akitaka siku nzima ya kazi hana budi kuziunganisha robo nne, na aghalabu robo mbili kati ya hizo hazina malipo yoyote.

Nilirejea nyumbani katikati ya mwaka 2019 na shahada ya kwanza ya elimu. Nilisajiliwa kuwa mwalimu, lakini kusajiliwa na kuajiriwa ni mambo mawili mbalimbali, kama ajuavyo kila mwalimu kijana wa nchi hii. Bodi ya shule ya upili ikanichukua kwa mshahara uliotegemea karo. Karo nayo ilitegemea samaki. Machi 2020 shule zikafungwa kwa sababu ya korona, na mshahara wangu ukafungwa pamoja nazo hadi Januari 2021. Katika miezi hiyo nilirudi baharini pamoja na ami yangu, kwenye boti ya faiba, kutafuta kamba mawe na samaki wa mwambani. Shule zilipofunguliwa sikuiacha bahari, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuona jinsi mshahara wa bodi unavyoweza kutoweka kwa tangazo moja la redio.

Hizo ni kazi mbili nilizozitafuta. Nyingine zilinitafuta zenyewe. Kikundi cha wavuvi kilihitaji mtu wa kuandika mihtasari ya mikutano; nilikuwa nimekaa karibu na meza, nikapewa kalamu. Maalim wa chuo cha Kurani aliugua, nikaombwa niwashikie watoto wiki moja, na wiki hiyo ikaendelea miaka minne. Mhudumu wa afya wa mtaa wetu aliolewa Mombasa, jina langu likaandikwa mahali pake nikiwa baharini. Fauka ya hayo, simu yangu ilikuwa na intaneti yenye nguvu kidogo kuliko za jirani, kwa hiyo maombi ya pasipoti, mikopo ya wanafunzi na vyeti vya kuzaliwa yote yalipitia kidoleni mwangu, aghalabu baada ya Isha, nikiwa nimeketi juu ya ukuta wa kaskazini ambako mawimbi ya simu hayakatiki. Malipo yalikuwa kikombe cha kahawa chungu. Siyadharau malipo hayo, lakini kahawa haigharimii vitabu.

Ugumu haukuwa wingi wa kazi bali kwamba zilifuata saa mbili tofauti. Shule hufuata saa ya ukutani, bahari hufuata mwezi. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji kwetu hupwa kabisa mnamo saa nne hadi saa tano za asubuhi, na miamba yote ikabaki wazi. Hiyo ndiyo saa ya pweza. Hiyo pia ndiyo iliyokuwa saa ya kipindi changu cha fasihi. Mara mbili kila mwezi nilisimama mbele ya madawati matupu, nikijua fika kwamba wanafunzi wangu wako mwambani, na kwamba pweza watakaowauza ndio watakaolipa karo, nayo karo ndiyo itakayonilipa mimi. Ningewaadhibu kwa lipi? Nilimwendea mwalimu mkuu, tukaandika ratiba ya pili ya siku za bamvua, vipindi vya watahiniwa vikisogezwa baada ya adhuhuri. Ratiba hiyo haimo katika waraka wowote. Ilivila vipindi vyangu vya chuo cha Kurani, na watoto wa chuo nikawa nawafundisha baada ya Magharibi kwa taa ya sola, wengine wakisinzia juu ya juzuu zao.

Usiku ninaotaka kuusimulia ulikuwa wa mwezi mpevu, mwezi wa Julai mwaka 2022, kusi ikiwa imechacha. Mnamo saa nne mke wa jirani yetu alishikwa na uchungu wa kuzaa kabla ya siku zake, akaanza kutokwa na damu. Muuguzi wa zahanati, aliyekuwa peke yake, alisema neno moja tu: Lamu. Msomaji asiyezijua njia zetu afahamu kwamba kwenda Lamu kuna njia mbili. Ya nje hupita bahari kuu, na wakati wa kusi haimfai hata mtu mzima wa afya, sembuse mjamzito anayetokwa na damu. Ya ndani hupita Mkanda, ule mlango mwembamba wa mikoko kati ya kisiwa cha Manda na bara, na Mkanda hauruhusu boti maji yakiwa yamekupwa. Saa nne ile maji yalikuwa yanaelekea kukupwa kabisa. Ilitubidi kungoja hadi saa saba.

Saa tatu zile ndizo zilizonifunza kuhusu kazi kuliko semina yoyote niliyohudhuria. Nilikuwa na kadi ya kliniki ya mama yule kwa kuwa nilikuwa mhudumu wa afya. Ufunguo wa sanduku la kikundi nilikuwa nao kwa kuwa nilikuwa karani, na fedha za petroli zilitoka mle. Mwenye duka tuliyemwamsha atupimie petroli ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa bodi ya shule, akanidai saini ya karani kwa mkono mmoja na kunipa mtungi kwa mkono wa pili. Mama mzaa chema, yaani mamake mgonjwa, alinishika nguo akaniambia: "Maalim, msomee Yasini." Nikasoma. Sikuweza kutambua ni wakati gani nilikuwa mhudumu, wakati gani karani, wakati gani maalim. Karatasi za mtihani wa kufungua muhula zilikuwa mezani kwangu chini ya jiwe, zisipeperushwe na upepo.

Nahodha wetu usiku ule alikuwa mwashi kwa kazi yake ya mchana, na mwadhini wa msikiti wetu kwa miaka mingi. Saa saba alipima maji kwa upondo, akasema twende. Tulipofika Mkanda ilikuwa saa tisa. Alizima mashine mara mbili, akasikiliza, akaiwasha tena. Kabla ya alfajiri tulikuwa gatini Lamu. Mtoto alitolewa kwa upasuaji asubuhi ile, wa kiume, na mama yake alipona.

Lakini jambo ninalolikumbuka zaidi nililisimuliwa tu. Alfajiri ile, kijijini, adhana iliadhiniwa na sauti nyingine, ya kijana anayejifunza. Mama yangu aliniambia kwamba wanawake waliposikia sauti ile walitoka mmoja mmoja baada ya kuswali, wakaenda nyumbani kwa yule jirani na uji na kuni, wakawakuta watoto watatu wakubwa bado wamelala. Hakuna aliyewaita. Walijua kwamba mwadhini akikosekana yuko baharini, na haendi baharini saa ile wakati wa kusi ila kuna jambo. Mtu mwenye kazi moja akiondoka, kazi yake husimama. Mtu mwenye kazi tatu akiondoka, mji mzima huhisi.

Tuliyangoja maji tena, tukarudi baada ya alasiri. Kipindi changu kilikuwa kimefundishwa na mwalimu wa kilimo, aliyewasomea hadithi fupi kwa sauti na kukomea pale alipochoka.

Mwanafunzi wa isimu hawezi kuishi maisha haya bila kuyachungulia maneno yake. Kibarua ni barua ndogo, kile kikaratasi alichokuwa akipewa mfanyakazi wa kutwa. Hivyo, hata kazi ya chini kabisa ya ujira ina hati yake. Kujitolea hakuna hati. Shina lake ni toa. Tia kauli ya kutendea upate tolea. Tia kiambishi -ji- cha kujirejelea, na mtenda sasa ndiye mtendwa. Niliwahi kumweleza ami yangu uchambuzi huu tukiwa tunashona wavu, nikiringa kidogo. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, kwa Kitikuu ambacho hapa nakisanifisha kwa kuwahurumia wahariri: "Mwanangu, wewe hukujitolea. Ulitolewa." Sijapata kusoma mapitio mafupi na makali kama hayo ya kazi yangu yoyote.

Naam, alikuwa na hoja. Mwaka 2023, serikali ilipozindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini kote, tuliahidiwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Nilifurahi kama wenzangu. Nilichokuwa sikukitarajia ni kwamba posho ilibadilisha lugha ya watu. Hapo zamani mtu alikuja mlangoni akisema, "Mwalimu, samahani, mtoto ana homa." Sasa walikuwapo waliosema, "Si unalipwa?" Aliyesema hivyo mara nyingi zaidi ni mzee mmoja ambaye mimi humjazia fomu zake zote bure. Kwa shilingi zile alinihesabia saa za usiku wa manane pia.

Wenye fomu nao hawatuelewi vizuri. Agosti 2019 nilifanya kazi ya karani wa sensa, ile ya kwanza nchini kutumia vishikwambi badala ya karatasi. Katika maswali mlikuwamo moja lililotaka kujua kazi kuu aliyoishughulikia mtu katika siku 7 zilizotangulia. Nilimwuliza bibi mmoja wa mtaani kwetu. Bibi huyu hushona makuti, husokota kamba za makumbi, huwakanda wazazi, huosha maiti wa kike na ndiye mkuu wa jiko katika kila arusi. Alinitazama kwa huruma. "Kazi ni ya wanaume, mwanangu," akasema. "Mimi nipo tu." Kishikwambi hakikuwa na mahali pa kuandika makumbi na maiti na arusi kwa pamoja. Nikabonyeza nililotakiwa kubonyeza, nikaenda nyumba ya pili.

Kwa wanaume swali hilo lilikuja na fedha ndani yake. Tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walioathiriwa na ujenzi wa bandari ya Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Tangu hapo, barazani kwetu, swali lililokuwa la kamusi likawa la chakula: mvuvi ni nani? Je, ni mvuvi yule anayeingia baharini kaskazi yote kisha, kusi ikichacha, akaendesha pikipiki? Na mwashi mwenye sehemu katika boti? Na mwanamke anayechokoa pweza mwambani, asiyemiliki boti wala wavu? Wazee walijibu kwamba mvuvi ni yule ambaye bahari ikiharibika atalala njaa. Hiyo ni fasili nzuri kuliko nilizozikuta katika makaratasi, lakini haina mahali pa kutia alama ya vema. Nimesikia watu wakinyimana salamu kwa ajili ya fasili hiyo.

Kuna wakati nilidhani kwamba msomi ni lazima achague. Aliyenifanya nitilie shaka dhana hiyo ni Ustadh Mahmoud Ahmed Abdulkadir wa Lamu, ajulikanaye kama Ustadh Mau, aliyezaliwa mwaka 1952. Tungo zake zimekusanywa na kufasiriwa na Annachiara Raia na Clarissa Vierke katika kitabu kilichochapishwa na Brill mwaka 2023, nazo ndizo ninazozishughulikia katika tasnifu yangu. Ni imamu, mwalimu, mshairi, na kwa miaka mingi alikuwa mwoka mikate. Baadhi ya wahakiki hulitaja jambo la mikate kama kichekesho kidogo cha wasifu, kisha wakaendelea na vina na mizani. Mimi naona wamepita mlangoni bila kubisha hodi. Mtu anayewauzia watu mkate asubuhi, akawaongoza katika swala na kuwafundishia watoto wao, huyasikia maneno ambayo mshairi aliyejifungia chumbani hayamfikii. Tungo zake zinazowaonya wazazi na vijana zinazungumza na watu anaowajua kwa sura na kwa jina.

Hata hivyo, sitaki msomaji aondoke akidhani kwamba naupamba umaskini. Yapo mengi katika maisha haya yanayostahili hasira. Kijiji kinachojizibia kila pengo kwa watu wake wenyewe hakipigi kelele, na kisichopiga kelele hakisikiki. Maadamu yupo mwadhini wa kupima maji kwa upondo, nani atakayeharakisha boti ya wagonjwa ya kukaa kijijini usiku? Maadamu walimu wa bodi wanafundisha kwa karo ya pweza, nafasi za walimu huendelea kuonekana zimejaa. Wageni huja kwetu wakausifu moyo wetu wa kusaidiana, wakapiga picha, wakaondoka maji yakijaa. Ningependa sifa hizo zipungue kidogo na muuguzi wa pili aongezeke. Vijana nao wanapima. Rafiki yangu niliyesoma naye aliyakataa yote haya, akaenda Mombasa kulinda lango la ghala, kazi moja, saa 12, mshahara mmoja. Kijijini wanamwita mvivu. Mimi simwiti hivyo. Analala usingizi wake wote.

Mimi mwenyewe niliondoka Septemba 2024 kuja kusoma shahada ya uzamili, kwa ufadhili usiozidi miaka miwili. Kukabidhi kazi kulinichukua muda mrefu kuliko kuomba nafasi ya chuo. Za malipo ziliondoka upesi: bodi ilipata mwalimu mwingine kwa siku tisa, na nafasi yangu botini ilichukuliwa siku ileile na binamu yangu. Za bure ndizo zilizokataa kutoka. Watoto wa chuo cha Kurani walikaa miezi miwili bila mtu, mpaka kijana yule aliyeadhini alfajiri ile ya Julai alipowachukua. Ukarani wa wavuvi haujapata mwenyewe. Wananipigia simu mkutano unapoanza, wanaiweka simu juu ya meza, nami naandika mihtasari nikiwa bwenini, mamia ya kilomita mbali, nikimsikia ami yangu akikohoa na upepo ukipiga bati.

Msimamizi wangu, mwenye subira nyingi, alinisikia mara moja nikiandika mihtasari hiyo nje ya ofisi yake. Alinitaka nichague: ama rasimu kamili kufikia mwisho wa Novemba, ama niahirishe mwaka na ufadhili upotee. Sikumpinga. Nimezima simu asubuhi, na sura ya tatu imesogea. Nikishapata shahada hii huenda nikaajiriwa chuoni, nikapata kile ambacho sijawahi kuwa nacho, yaani kazi moja. Mama yangu anaomba iwe hivyo. Kisha, katika simu hiyohiyo, huniuliza kaskazi itakapoingia kama nitakuwa nimerudi, kwa kuwa zahanati inamtafuta mtu wa kuandika.

Juzi mwalimu wa kilimo alinitumia ujumbe kuuliza kama ratiba ya bamvua iendelee muhula ujao, kwa sababu mwalimu mpya wa Kiswahili haielewi. Nimemtumia tarehe za mwezi mpevu na za kuandama hadi Novemba, na saa za maji kupwa kwa kila moja.